Masika Kumi na Mmoja

Aibu niliyoipata Jumapili ile, jamani, ingegawiwa parokia nzima kila mtu angerudi nyumbani na fungu lake na mimi ningebaki na la kunitosha mwaka mzima. Wengi wenu mlikuwepo, najua, na wale ambao hamkuwepo mmeshahadithiwa na watu wanaotia chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, niliketi chini tu kwa sababu miguu ilikataa kazi), kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe, tangu mwanzo, na sitajipendelea.

Kazi yangu mnaijua. Nina kibanda changu hapa Bulengera, napiga picha, nachapa barua za watu, natoa fotokopi, natengeneza mialiko ya harusi, na sifa yangu kubwa ni mapambo. Picha ikipita mikononi mwangu haitoki uchi. Naiwekea waridi kwenye pembe, waridi lingine kifuani pakiwa na nafasi, halafu maneno nayaandika ndani ya picha yenyewe kwa herufi zenye kivuli na mng'ao, na mtu anayetaka picha tupu bila ua hata moja huwa namwambia kwa upole aende kwa mwingine.

Basi, wakati ule vita vilikuwa vimekaza upande wa Beni. Kila wiki watu walikuwa wanateremka huku Butembo, wengine na godoro kichwani, wengine na nguo za mwilini tu, baba ameshika njia hii na mama njia ile, na jambo la kwanza walilouliza walipofika halikuwa chakula, walikuwa wanauliza watu. Mmemwona fulani? Amepita hapa? Padri wetu akaniita bironi kwake, yaani ofisini.

"Kavira," akasema, "wewe njo mwenye unajua mambo ya site, hizi tovuti. Utufanyie moja. Kila mutu mwenye anafika, foto yake na jina yake, bandugu bamuone hata kama wako mbali."

Nilikubali kabla hajamaliza (napenda sana kuitwa bironi). Makatekista wa kila upande, mpaka kule juu Kipese ambako wakulima walikuwa wamepokea watu wengi majumbani mwao, walikuwa wananitumia picha kwa simu, na habari za kila mtu zinaandikwa katika kaye moja, daftari kubwa la kurasa mia mbili lililozunguka kati yao: jina, ametoka wapi, yuko na nani, amepokelewa wapi. Mimi nikachukua moja ya zile programu za kutengeneza tovuti bila kujua mengi, unaburuta kitu unakidondosha mahali pake, na kwa wiki mbili nikaijenga. Ukurasa wa njano, maandishi ya waridi. Kila picha niliitendea kama ya bibi harusi, maua yake, na yale ya kwenye kaye nikayaandika ndani ya picha kwa herufi zangu zinazong'aa. Nawaapia ilikuwa inapendeza.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuionyesha kwa watu, nikaona alama ambayo sikuwahi kuibonyeza, kimtu kidogo kimenyoosha mikono, na pembeni yake neno la Kifaransa la kukagua. Nikabonyeza kwa udadisi tu. Kumbe ndani ya programu ile kulikuwa na mkaguzi amekaa kimya siku zote ananitazama. Alipita kurasa zangu zote kwa muda wa kumeza mate, akarudi na alama nyekundu kila mahali. Makosa sabini na mawili.

Nilikasirika, kisha nikaanza kusoma, na nilivyosoma ndivyo hasira ilivyonitoka. Alisema maandishi ya waridi juu ya njano hayasomeki kwa mtu mwenye macho dhaifu. Alisema nina mahali sita nilipoandika "bonyeza hapa", na mtu asiyeona kioo hawezi kujua hapa ni hapa gani. Alisema picha zangu hazina maelezo, na chini yake akaeleza, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto: kuna watu wasioona ambao simu yao huwasomea ukurasa kwa sauti, na simu hiyo ikifika kwenye picha isiyo na maelezo, haina la kuwaambia.

Nikaacha kipanya. Mimi, miaka yote hii ya kazi, sikuwahi kuwaza kwamba kipofu anaweza kuingia kwenye tovuti. Kichwani mwangu tovuti ilikuwa kitu cha macho, basi. Na huyu mkaguzi, asiye na macho yake mwenyewe, aliyetengenezwa na watu wasiojua kama kuna mji unaitwa Butembo, alikuwa amemfikiria mtu huyo kabla yangu, akaja kumsemea kwangu, kwenye kibanda changu, katikati ya vita. Nilikaa pale kwa heshima, kama niko kanisani, na sioni aibu kusema hivyo.

Mngedhani hapo nilitubu. Sikutubu. Kilichonibaki kichwani ni ile sabini na mbili, kwa sababu mimi tangu shule ya msingi siwezi kuvumilia kalamu nyekundu. Nikabadilisha rangi (iliniuma, lakini nikabadilisha). Nikarekebisha zile "bonyeza hapa". Hesabu ikashuka, zikabaki hamsini na nne, zote za picha. Kwenye moja ya zile za waliokimbia nikaandika neno moja, "Masika". Alama nyekundu ikazimika, hesabu ikawa hamsini na tatu.

Ah. Kumbe ni hivyo tu?

Kuanzia hapo nilikimbia. Kila mtu nikamwandikia jina lake peke yake, maana habari zake nyingine zilikuwa tayari ndani ya picha, nani arudie kuandika yote? Na zile picha ambazo hazikuwa na jina niliziandikia lolote lililonijia mdomoni, kwa sababu nilielewa kwamba maneno haya yanakaa nyuma ya picha, hakuna atakayeyaona. Kwenye picha ya Padri, ile ya ukurasa wa mbele ambapo amesimama karibu na mlango wa jikoni, niliandika: "Padri anasubiri chakula." Kwaya: "Wanaimba vizuri, wanachelewa vizuri zaidi." Na kulikuwa na picha ya mzee mmoja iliyopigwa pale watu wanapopokelewa wakifika mjini, jina lake kwenye kaye limelowa maji ya mvua halisomeki, koti, tai, miwani myeusi, na miguuni kiatu kimoja kimefungwa kamba ya bluu na kingine kimefungwa kipande cha kitenge. Nikaandika: "Mzee wa kiatu kimoja chenye kamba." Nikacheka peke yangu.

Ilipofika sifuri, mkaguzi aliwasha alama ya kijani. Chini ya kijani kukatokea mstari mdogo wa njano. Ulisema, kwa Kifaransa, kwamba yeye anaweza kujua kama maelezo yapo, hawezi kujua kama yanaeleza kilichomo pichani, na kwa hilo anahitajika mtu. Niliusoma wote, neno kwa neno, nikaufunga. Mtu akiniuliza nilianzia wapi kuanguka, nilianzia kwenye kidole kile.

Jumapili baada ya Misa ukumbi ulijaa. Walikuja wetu, wakaja na Waprotestanti wa mtaa, maana jambo lilikuwa la wote, na waliokimbia wenyewe walikuwa wameketi mbele. Nilikuwa na projekta, ukuta mweupe, kompyuta yangu juu ya meza, na bafle, yale maspika makubwa ya kwaya. Nikatoa hotuba. Nilisema (na hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza): "Site hii haina kosa hata moja. Imekaguliwa. Hata mtu asiyeona anaweza kuisoma mwenyewe."

Nyuma kabisa Mama Katungu akainua mkono. Ni Mprotestanti, anakaa njia ileile ya kibanda changu, mama wa maneno machache. "Hapa niko na mugeni wangu, Mwalimu Kasereka," akasema. "Macho yake ilikufa juu ya ugonjwa. Njo anauliza kama ile umesema ni ya kweli."

Watu wakapisha. Mwalimu akaja mbele mkono wake begani mwa Mama Katungu, koti, tai, miwani myeusi, na mimi kabla hajafika niliangalia chini nikaona kiatu. Kamba ya bluu huku, kitenge kule. Nikajiambia kuna picha nyingi, hatafika huko.

Padri akampa kipaza sauti, naye akaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kule Beu, upande wa Beni, mpaka macho yalipomwacha. "Niko natafuta mutoto yangu, Masika," akasema. "Tulipoteana mu njia, batu walikuwa wengi, bakatusukuma. Hii ni wiki ya tano. Simu yake haiite. Mama Katungu ananipenda, lakini yeye hajaona Masika hata siku moja, hata akiona foto yake hatamujua. Kila mutu ananiambia, tumeangalia, hayuko. Sasa muniache nitafute mimi mwenyewe."

Hapo mngenyamaza, sivyo? Mimi nikasema, "Mwalimu, tuunganishe simu yako na bafle, watu wote wasikie." Hakuna aliyeniomba hilo pia.

Akatoa simu. Hakuiweka mbele ya uso kama sisi, aliishika chini kifuani, kioo kimetazama watu, na kidole kikaanza kuteleza juu yake. Simu ikaongea. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kiswahili cha pwani, kilichonyooka, na ilikuwa inakimbia kiasi kwamba sikushika neno, naye Mwalimu alikuwa anaelewa yote, akaipunguza mwendo kwa ajili yetu kama unavyompunguzia mtoto hatua. Ikasoma jina la tovuti. Ikasoma sehemu zake, moja moja. Ikasoma yale maneno niliyoyaweka jana yake mahali pa "bonyeza hapa". Ukurasa nilioujenga kwa mikono yangu ulikuwa unatoka hewani, na mtu ambaye hakuona hata njano yangu alikuwa anatembea ndani yake peke yake, anaingia, anatoka, anarudi nyuma, anajua alipo. Mama mmoja mbele yangu akafanya ishara ya msalaba. Padri alivua kofia yake, akaishika mkononi, na ndipo simu ikafika kwenye picha ya kwanza.

"Picha," ikasema ile sauti ya adabu. "Padri anasubiri chakula."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Kisha kicheko kikaanzia kwa watoto kikapanda mpaka kwa wazee. Padri alisubiri kiishe, akasema, "Ni kweli, lakini site haikuwa na lazima ya kujua."

"Picha. Wanaimba vizuri, wanachelewa vizuri zaidi." Kiongozi wa kwaya akasimama. Alisimama tu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikaenda mbio kuchomoa waya wa bafle. Nyaya za chini ya meza ile zilikuwa zimefungana vibaya, nikashika mmoja, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na projekta ikazimika. Ukuta ukawa mtupu. Bafle ilibaki inaongea. Kwa hiyo sasa ukumbi mzima, watu wote wenye macho yao mazuri, hatukuwa na la kutazama, tulibaki na masikio kama Mwalimu, na mimi niko magotini chini ya meza nikiwa na waya mkononi.

"Picha," ikasema simu. "Mzee wa kiatu kimoja chenye kamba."

Hakuna aliyecheka. Niliona viatu vya watu wa mbele vikigeuka, maana wote walikuwa wanageuka kumtazama miguuni.

"Huyo ni mimi," akasema. Hakukasirika, alisema kama anayeitika mahudhurio. "Tuendelee."

Kidole kikateleza. "Picha. Masika."

Akainua mkono wake wa kushoto watu wasipumue. Nilikuwa bado chini ya meza, niliona uso wake kutokea huko, na siwezi kuwaeleza uso ule. Alingoja sauti iseme kingine. Haikusema. Akasogeza kidole.

"Picha. Masika."

Akasogeza tena. "Picha. Masika." Tena. "Picha. Masika."

Majina yetu mnayajua. Kwetu mtoto anapewa jina kulingana na zamu aliyozaliwa nayo, na binti wa kwanza ni Masika, ukiita Masika sokoni wanageuka kumi na wote wanauliza unataka nini. Mimi, Mnande mwana wa Wanande, nina dada anayeitwa Masika, nina shangazi Masika, nilikaa Jumamosi nzima naandika Masika, Masika, Masika, na mkaguzi ananiwashia kijani, na haikunijia kwamba nimeandika kitu kisichomsaidia mtu yeyote. Mkaguzi wa watu, kutoka mbali huko, hakuweza kujua hilo. Mimi niliweza.

Watu walikuwa wameanza kuhesabu chini chini. Kumi. Kumi na moja. Halafu sauti ikaendelea mbele bila wasiwasi: "Picha. Kambale. Picha. Kambale." Mwalimu akazima.

"Mutoto yangu," akaniita, hakujua niko wapi, akageuza uso upande wa meza, "yangu ni nani mu hawa?"

Ndipo miguu ilipokataa. Nilikuwa nimeshatoka chini ya meza na kusimama, nikaketi sakafuni. Nilitaka mlango, na mlango ulikuwa mbali, na katikati kulikuwa na kwaya.

"Kavira, hapana kimbia," akasema Padri. "Kaye iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikavuta kompyuta ikaja mapajani, nikafungua kaye, nikaanza kusoma kwa sauti. Katika wale Masika kumi na mmoja, wanne walikuwa watoto, wawili nyanya za watu, wawili hawakutoka upande wa Beni. Wakabaki watatu, wote wameandikwa na katekista mmoja wa Kipese, siku moja, mwandiko mmoja, na mstari mmoja: Masika, ametoka upande wa Beni, na mtoto mmoja, amepokelewa Kipese. Mara tatu. Kaye nayo ilikuwa imefanya kama mimi.

"Tupige simu kwa katekista?" Padri akauliza.

"Atawaita wote watatu," akasema Mwalimu, "na babili kati yao watafikiri baba yao amepatikana. Hapana." Akavuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yake karibu yaguse kompyuta. "Wewe uko na macho. Angalia foto. Uniambie unaona nini."

Nikafungua picha ya kwanza. Niliona waridi. Niliona herufi zangu zenye kivuli. Mwanamke alikuwa nyuma ya hayo yote kama mtu anayechungulia kwenye ua wa jirani, na ilibidi niziache zile zilizopambwa, nitafute za asili alizozituma katekista, tupu, jinsi zilivyokuja. Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikazitazama. Nilikuwa nimezikata, nimezing'arisha, nimezipamba kwa wiki mbili. Sikuwa nimezitazama.

"Ni mama mrefu," nikasema. "Amefunga kitambaa kichwani. Kuna kijana wa kiume anasimama pembeni, anamfika kiunoni."

"Yangu ana mutoto wa kike. Anamubeba mu mugongo."

Ya pili. "Mama mfupi, mnene kidogo. Mtoto wa kike mgongoni. Mkono wa kushoto una bandeji."

"Sijue. Endelea."

Ya tatu. "Ana mtoto mgongoni, kinaonekana kichwa tu, kimevaa kofia ya sufu. Kitenge cha kijani. Nyuma yake kuna shamba la viazi. Hacheki. Mkono wake uko kifuani." Mahali pale pa mkono, wenzangu, kwenye ile niliyoipamba, ndipo nilipokuwa nimebandika waridi. "Ameshika kitu."

"Kitu gani?"

Nikaikuza picha. Nikaikuza tena. "Ufunguo," nikasema. "Ni ufunguo. Umening'inia shingoni kwa kamba."

"Kamba ni ya rangi gani?"

"Bluu."

Aliinama polepole, akapandisha suruali kidogo kwa vidole viwili, akasogeza mbele kile kiatu chenye kamba mpaka kikagusa ukingo wa kompyuta yangu.

"Linganisha," akasema.

Ilikuwa ni ileile. Bluu ileile, na ile ncha ya plastiki imekatika vilevile. Niliitazama ile ya kiatuni, nikaitazama ile ya pichani, nikaanza kulia pale sakafuni mbele ya watu wote, na Mama Katungu aliponiona nalia akaelewa, akamshika Mwalimu mabega yote mawili.

"Masika anapoteza ufunguo kila siku, tangu akiwa mudogo," akasema Mwalimu. "Asubuhi ile ya kukimbia nilitoa kamba ya kiatu, nikamufungia ufunguo ya nyumba yetu ya Beu kwa shingo, nikafunga mafundo tatu. Nikamuambia, hata tukipoteana, wewe njo uko na nyumba."

Padri alikuwa ameshapiga simu Kipese. Mtandao ulikataa mara mbili, ukakubali. Katekista alisema Masika huyo wa kofia ya sufu anamjua, simu yake ilianguka njiani siku ya kukimbia na namba za watu wote zilikuwa humo, yuko nyumba ya ng'ambo ya bonde, anakwenda kumwita, tusikate. Hatukukata. Mtu akaweka simu ya Padri karibu na kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikiliza katekista anavyotembea: pumzi zake, mbwa wa mtu, maji ya kijito, mlango. Hakuna aliyeondoka, hata wenye watoto wenye njaa. Nilisikia kila hatua ya mlima ule, mimi ambaye sijawahi kufika Kipese, na nikaona kila kitu bila picha hata moja.

"Tata?" bafle ikasema.

Mwalimu akasogea karibu na simu.

"Masika. Ufunguo iko?"

"Iko, Tata. Sijafungua hata fundo."

"Wasingya," Mama Katungu akasema, ile shukrani yetu, na akairudia, na watu wakaichukua, Wakatoliki na Waprotestanti, wasingya, wasingya, na mkuu wa kwaya ambaye nilikuwa nimemtukana nyuma ya picha akaanzisha wimbo, na ukweli ni kwamba siku hiyo hawakuchelewa.

Masika alishuka Alhamisi. Lakini kabla ya Alhamisi, Jumatatu asubuhi, Mwalimu alikuja kibandani kwangu na Mama Katungu, akaomba kiti. Nilidhani amekuja kunikaripia na nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Fungua ile mashine. Tuanze na wa kwanza." Tulikaa siku tatu. Niliondoa maua yote. Picha baada ya picha aliniuliza ninaona nini, na nikisema "mama mmoja" anauliza mama gani, na nikisema "mtoto" anauliza ameshika nini, na nikisema sijui ananiambia, angalia tena. Wenzangu, Masika kumi na mmoja, hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana pengo akitabasamu. Mmoja amevaa kandambili za watu wawili tofauti. Kuna nyanya mmoja ameshika Biblia kichwa chini, na ameishika kwa mikono yote miwili. Walipita wote machoni pangu wiki mbili nzima, na aliyenionyesha ni mtu asiyeona.

Tulipomaliza nikabonyeza kimtu kile cha kunyoosha mikono. Kijani. Kijani kilekile cha Jumamosi, hakikuzidi hata kidogo, na mstari wa njano ukatokea chini yake na kusema yaleyale. Safari hii nilimsomea Mwalimu kwa sauti. Akatikisa kichwa kwa kukubali na kusema huyo mkaguzi ni mwalimu mzuri, anajua mahali ujuzi wake unapoishia.

Tangu siku hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitaandika nyuma ya picha ya mtu neno ambalo siwezi kulisema mbele yake bafle ikiwa wazi, na sitamwambia mtu yeyote kwamba kazi yangu haina kosa. Mkinisikia nasema hivyo, mnivute sikio. (Waridi bado naweka kwenye mialiko ya harusi. Mtu hawezi kuacha yote kwa mara moja.)

Kuna picha moja tu tuliiacha mwisho, kwa sababu nilikuwa nairuka. Nikamwambia, Mwalimu, hii yako niliyoandika ujinga, naifuta sasa hivi, unisamehe.

"Hapana futa," akasema. "Ile uliandika ni kweli. Haikwisha tu. Ongeza."

Akanitajia maneno, nami nikachapa, na mpaka leo yapo hivyo, mtu yeyote asiyeona akifika hapo simu yake itamsomea: Mzee wa kiatu kimoja chenye kamba. Kamba ya pili iko kwa shingo ya binti yake.